Deni Lina Kwao

Mpwa wangu aliingia uani kwangu hapa Kindu Jumamosi moja ya mvua, pikipiki yake imejaa tope jekundu mpaka kwenye taa. Alikuwa amelala njiani siku mbili akitoka Kabambare. Nilimpa maji, hakuyanywa. Alifungua koti, akatoa bahasha aliyoiviringisha ndani ya mfuko wa nailoni, akaniwekea mkononi.

“Yomba, nisomee hii kwanza. Jumanne wanataka saini.”

Kazi yake ni kununua mawese na mchele katika vijiji vya Wamaza, upande ule ambako Kasongo na Kabambare zinapakana. Mzigo anaushusha Uvira, anamwuzia mfanyabiashara wa Bujumbura. Mnunuzi huyo ni mwaminifu, ila halipi papo hapo. Hulipa baada ya siku 90. Siku 90 ni nyingi kwa mtu ambaye wakamuaji wa mawese wanamsubiri mlangoni wapewe chao leo. Ndipo likatokea shirika moja la mikopo la Dar es Salaam na kumwambia: tuletee ankara zako (sisi kwetu husema fakture), tukupe dola 80 kwa kila 100 sasa hivi, na siku zikitimia yule wa Bujumbura atulipe sisi. Kwa maneno mengine, alikuwa anauza deni. Mkataba ulikuwa kurasa kumi na moja za Kiingereza, na katika ukurasa wa nane palikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba makubaliano yote yataongozwa na sheria za Uingereza.

“Mawese ya Kabambare, mnunuzi Mrundi, pesa za Mtanzania,” akasema. “Uingereza inaingiaje hapa, Yomba?”

Lilikuwa swali zuri. Lakini palikuwa na swali jingine ambalo ukurasa wa nane haukuligusa, na ambalo mimi nililipa ada kubwa ili nilijue. Siku biashara ya mpwa wangu ikianguka, zile pesa zilizoko Bujumbura ni za nani? Ni za yule wa Dar es Salaam aliyenunua deni, au zinaingia katika mali ya muflisi zigawiwe wadai wote, wakiwemo akina mama wa kijijini waliompa mawese kwa kuaminiana? Na sheria ya nchi gani ndiyo itakayolijibu swali hilo?

Nilimwambia apumzike mpaka kesho. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimerudi Kasongo, mbele ya daftari la Mgiriki.

*

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka 12 na mwandiko mzuri. Mgiriki mmoja mwenye duka mjini Kasongo aliniita kila Alhamisi jioni nimnakilie madeni ya wiki kutoka kwenye vikaratasi hadi kwenye daftari kubwa. Nalikumbuka lile daftari kuliko ninavyomkumbuka mwenyewe. Lilikuwa na jalada la kitambaa cheusi, kona zake zimeshonewa ngozi nyekundu. Kila mdeni alikuwa na ukurasa wake: kushoto vitenge, chumvi, sabuni na majembe aliyochukua, kulia mchele na karanga alizorudisha. Asiyejua kuandika alichora alama yake. Mmoja alichora samaki, mwingine mwiko, na mzee mmoja wa Wamaza alichora mduara na nukta katikati, akaniambia kwamba hilo ni jicho lake linalolitazama deni lisije likaongezeka usiku.

Novemba 30 mwaka ule Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakuwa ya Wazaire. Baada ya miezi michache Mgiriki alipakia masanduku yake, na duka likapata mwenyewe mpya. Watu kama yeye tuliwaita maakerere, kwa jina la Kifaransa walilopewa na serikali. Mwenye duka mpya alinikuta na kazi yangu, akanikabidhi daftari lilelile na kunituma niwaite wadeni mmoja mmoja.

Jibu la kwanza nililopata lilikuwa la yule mwenye alama ya samaki. “Mimi nilikopa kwa Mgiriki. Kama Mgiriki ameondoka, ameondoka na deni lake.” Wengine walilipa kidogo kwa kuiogopa serikali. Mwenye kinu cha mchele, ambaye deni lake lilijaza kurasa tatu, alipata taabu ya kweli. Akerere alimdai Kasongo. Wakati huohuo barua ilimfikia kutoka kwa jamaa wa Mgiriki aliyekuwa ng’ambo ya ziwa, ikimtaka alipe kule, kwa kuwa duka linaweza kunyang’anywa lakini deni ni la mtu, na mtu sasa yuko kwingine.

Mwenye kinu alikuja na barua hiyo hadi kibarazani mwa duka, ambako baba yangu alikuwa na cherehani yake. Hakuuliza nani mwenye haki. Aliuliza neno moja tu: “Nikimlipa huyu, nimemaliza?” Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Akaamua kutomlipa yeyote, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa siwezi kumlaumu. Mwaka haukuisha, rafu za duka zikabaki tupu.

Baba hakusoma shule ya Wazungu, lakini jambo lile lilimshangaza. Katika biashara yake ndogo ya kushona, deni lilihama mara nyingi na halikuwahi kupotea njiani. Akidaiwa na mwenye vitambaa, naye akimdai mwalimu wa shule bei ya suruali, aliwaita wote wawili kibarazani. Aliwaambia mbele ya mashahidi: wewe unanidai mimi, na mimi namdai huyu; kuanzia leo mdai huyu. Mwalimu akiitikia, deni limetoka shingo moja na kuingia nyingine. Hiyo ndiyo hawala yenyewe kama ilivyo katika fikihi, kabla neno hilo halijawa jina la kutumiana pesa. Siri yake ilikuwa kwamba wote watatu waliketi kwenye mkeka mmoja, na mkeka ulikuwa katika mji mmoja. Mambo ya Mgiriki yaliharibika kwa sababu mkeka ulichanika: daftari liko huku, mwenyewe yuko kule, na kila upande una serikali yake.

*

Nilipokuwa sekondari, mwalimu wetu wa historia alitutembeza kwa miguu hadi Kasongo-Tongoni, pale ulipokuwa mji wa zamani wa Waswahili. Hakuna la kutazama sana ila miembe iliyozeeka na ardhi yenye vigae. Mwalimu alisimama chini ya mwembe mmoja na kusema jambo ambalo hatukulitegemea: mji huu ulijengwa kwa mali kauli, yaani bidhaa za mkopo.

Alisema kweli. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliyeufanya Kasongo kuwa makao yake makuu, hakuwa akiingia bara na fedha zake mwenyewe. Bidhaa alikopeshwa na matajiri wa Kihindi wa Unguja, hasa Taria Topan, nao walikuwa na hesabu zao na Bombay na nyumba za biashara za Ulaya na Marekani. Nguo ziliondoka pwani kwa deni, zikapita Tabora na Ujiji, zikavuka ziwa, zikapita Kabambare hadi kwetu. Pembe zikarudi kwa njia ileile kulipa. Tuseme na hili bila kuficha: pembe zile zilibebwa na watu waliotekwa vijijini mwetu, na hao hawakuandikwa katika daftari la yeyote.

Kisa kilichonikaa moyoni nilikisoma baadaye. Mwaka 1887 mpelelezi Stanley alifunga mapatano na Tippu Tip, aliyekuwa amefanywa wali wa Dola Huru ya Kongo katika maporomoko ya Kisangani, ili ampatie wapagazi katika safari ya kumwokoa gavana Emin Pasha. Safari ile iligeuka balaa. Stanley alipofika Unguja mwishoni mwa 1889 alikuwa na hasira na madai. Mdaiwa wake alikuwa bado yuko bara, safari ya miezi mingi. Kumfuata asingeweza. Lakini aligundua kwamba kiasi cha pauni 10,600, malipo ya pembe ambazo Tippu Tip aliiuzia Dola ya Kongo, zilikuwa mikononi mwa wakala wake Unguja, wa nyumba ileile ya Taria. Wakala huyo alikuwa Mhindi raia wa Uingereza. Hivyo Stanley hakwenda kwa kadhi wa Sultani. Alikwenda kwenye mahakama ya konseli wa Uingereza, na fedha zikazuiwa.

Fikiri jambo hilo. Pembe za Kongo, muuzaji Mwarabu wa Unguja, mnunuzi dola ya mfalme wa Wabelgiji, mdai mzaliwa wa Wales aliyewahi kuhamia Marekani. Na kilichoamua kesi isikizwe wapi ni uraia wa mtu aliyekuwa ameshika fedha tu. Tippu Tip alilazimika kurudi pwani, akafika Unguja 1891, na kesi yenyewe haikufika mwisho. Wakati huo himaya yake huku ilikuwa ukingoni. Wanajeshi wa Dola ya Kongo chini ya Dhanis waliingia Kasongo Aprili 1893, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Baada ya vita mshirika wake wa zamani, Rumaliza, alimdai sehemu yake ya ushirika, na mgogoro huo ukafika mbele ya mahakama ya Wajerumani Dar es Salaam, mahali ambapo wote wawili hawakuwahi kupafikiria siku walipoanza kushirikiana.

Somo nililochukua Tongoni ni hili: deni halina miguu, lakini ukiliacha bila kwao, litakamatwa popote atakapopatikana mtu mwenye kulishika, na litahukumiwa kwa sheria ya mji wa huyo. Mwenye nguvu hupenda hali hiyo, kwa kuwa ana meli na mawakili katika kila bandari. Sisi wengine tuna pikipiki.

*

Kujua historia hakukunizuia kufanya ujinga. Mwaka 1989 nilikuwa karani wa ghala la mawese Uvira, nimeweka akiba ya miaka sita. Mfanyabiashara mmoja wa pale, mtu wa heshima ambaye watoto walimwamkia njiani, alihitaji fedha za haraka. Alikuwa anamdai mtengenezaji sabuni wa Bujumbura faranga za Burundi 400,000 za mawese. Akaniambia: nipe 300,000 leo, deni lote liwe lako. Tuliandika karatasi kwa Kiswahili, mashahidi wawili wakatia dole gumba. Nikataka kuvuka mpaka nikamjulishe mwenye sabuni. Akanishika mkono.

“Bwana mdogo, usimwambie. Akijua nimeuza deni lake atasema nimeishiwa, na kesho hatanunua kwangu.”

Nilimwelewa. Mpaka leo naelewa kwa nini wafanyabiashara huuza madeni kimyakimya: sifa nayo ni mtaji. Nikaikunja karatasi, nikaiweka ndani ya sanduku chini ya nguo za Idi.

Miezi miwili baadaye mtumbwi wake wa injini ulizama ziwani na mzigo mzima. Wadai walijazana mlangoni. Mahakama ikamtangaza muflisi, ikateua mfilisi, ambaye sisi tulimwita kirateri. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kusikiliza madai nilifika na karatasi yangu, nikamkuta mtu wa Kigoma ameketi na karatasi yake ya Kiingereza. Deni ni lilelile la sabuni. Mtu wa heshima alikuwa ameliuza mara mbili.

Mkigoma hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ametuma barua kwa mwenye sabuni, na risiti ya posta alikuwa nayo. “Kwetu,” akasema, “aliyetangulia kumjulisha mdaiwa ndiye mwenye deni.” Hakubuni. Ni kanuni ambayo majaji wa Uingereza waliiweka katika miaka ya 1820, ikasafiri na bendera yao. Mimi nikajitetea kwamba karatasi yangu ina tarehe ya zamani zaidi. Kirateri alitusikiliza wote wawili, kisha akafungua kitabu cha amri ya Julai 30, 1888, ile ya mikataba, tuliyorithishwa na Wabelgiji. Ili uuzaji wa deni umfunge mtu wa tatu, alisema, mdaiwa ajulishwe kwa mkono wa ofisa wa mahakama, au akubali mwenyewe mbele ya ofisa wa serikali. Barua ya posta haitoshi. Karatasi ya sandukuni haitoshi zaidi. Na tusihangaike kukimbilia Bujumbura, kwa sababu Burundi walirithi amri hiyohiyo, maneno yaleyale.

Kisha akaniambia sentensi ambayo ningeichonga mlangoni mwa kila ghala: “Karatasi yako ni ya kweli, bwana mdogo. Ila ni ya kweli kati yako na yeye tu.”

Mwenye sabuni alimlipa mfilisi. Fedha ziligawiwa wadai wote, na fungu langu halikufika hata nauli za kuhudhuria vikao. Nilikasirika mwaka mzima. Baadaye hasira ikapoa, nikaona kwamba kirateri hakunidhulumu. Wale wengine waliomkopesha muflisi, mwenye magunia, mwenye dizeli, mama wa hoteli, walitazama biashara yake wakaona deni la Bujumbura liko. Mimi nilikuwa nimelichukua gizani. Kama ningeshinda, wao ndio wangepoteza kwa siri waliyofichwa. Kufilisika ni siku ya kuwasha taa: kila kitu kilichofanywa gizani kinaulizwa kwa nini.

*

Nilihama Uvira, nikapata kazi ya karani katika ofisi ya wakili Bukavu. Nilianza kwa kufuta vumbi vitabuni, nikaishia kuvisoma. Nilijifunza kwamba swali langu la Uvira halikuwa la washamba, na kwamba wenye benki kubwa hawana jibu lake la hakika.

Kati ya wawili waliofunga mkataba, mambo ni mepesi. Amri yetu ya 1895 kuhusu wageni yasema mikataba hufuata sheria ya mahali ilipofungwa, isipokuwa wenyewe wametaka vingine. Basi mpwa wangu na shirika la Dar es Salaam wakiitaka Uingereza, wana ruhusa. Kati ya mnunuzi wa deni na mdaiwa napo pana njia: mdaiwa hubaki na sheria ya mkataba wake wa kwanza, asije akabadilishiwa mchezo na watu asiowajua. Taabu iko upande wa tatu: kati ya mnunuzi wa deni na watu wengine wote, yaani mnunuzi mwingine wa deni hilohilo, wadai wa muuzaji, na mfilisi. Hao hawakutia saini popote. Kuwaambia kwamba watafuata sheria za Uingereza kwa kuwa wawili walikubaliana chumbani ni sawa na ile karatasi yangu ya sandukuni.

Hata Ulaya walikwama hapo. Mtumishi mmoja wa serikali huko Luxembourg, raia wa Ujerumani, alichukua mkopo kwa benki ya Ujerumani mwaka 2011 na kuweka mshahara wake rehani. Mwaka huohuo akauweka tena mshahara uleule kwa benki ya Luxembourg. Benki ya kwanza haikumjulisha mwajiri, kwa kuwa sheria ya Ujerumani haidai hivyo. Ya pili ilimjulisha, kwa kuwa sheria ya Luxembourg inadai. Mwaka 2014 akatangazwa muflisi Ujerumani. Nilipokisoma kisa hicho nilicheka peke yangu ofisini: Uvira tupu, ila kwa yuro. Oktoba 9, 2019 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema kwamba kanuni yao ya 2008 kuhusu sheria ya mikataba hailijibu swali la nani anatangulia. Tume ya Ulaya ilikuwa imeona pengo hilo, na Machi 2018 ilipendekeza kanuni: kwa kawaida itumike sheria ya nchi anamokaa muuzaji wa deni. Umoja wa Mataifa ulishasema hivyohivyo katika mkataba wake wa 2001 kuhusu uuzaji wa madeni, ila nchi zilizouridhia hazijatosha kuupa nguvu.

Kwa nini kwa muuzaji? Mtazame mpwa wangu. Leo anamdai mtu wa Bujumbura. Kesho atamdai wa Kigoma, keshokutwa wa Kigali. Tukisema kila deni lifuate sheria ya mdaiwa, anayetaka kulinunua itampasa aajiri mawakili watatu, na madeni ya mwakani, ambayo wadaiwa wake hawajajulikana, hatayagusa kabisa. Lakini muuzaji ni mmoja, na nyumba yake inajulikana. Hapo ndipo mtu huenda kuuliza kama deni limeshauzwa. Na biashara ikifa, kwa kawaida hapo ndipo jaji wa ufilisi atakapokaa. Sheria ya deni na sheria ya matanga yake zikiwa za nyumba moja, ugomvi hupungua.

Kwetu nyumba hiyo imepata daftari. Septemba 12, 2012 Kongo iliingia rasmi katika OHADA, umoja wa nchi 17 zenye sheria moja ya biashara. Deni likitolewa kuwa dhamana ya mkopo, sheria yao yasema linawafunga watu wengine tangu siku lilipoandikishwa katika rejista ya biashara. Sheria yao ya ufilisi, iliyofanyiwa marekebisho 2015, imechukua pia mfano wa Umoja wa Mataifa wa 1997 unaowezesha mahakama za nchi mbili kusaidiana juu ya muflisi mmoja. Uganda na Kenya nazo zimepita njia hiyo. Burundi na Tanzania ziko nje ya OHADA. Kwa hiyo yale maneno ya kirateri, kwamba Uvira na Bujumbura ni amri ileile, leo hayasemeki tena kwa wepesi. Mapacha wa 1888 wameachana njia, na anayevusha mawese lazima ajue.

*

Sitaki kuipamba kanuni hii ya nyumba ya muuzaji kama dawa ya kila kidonda. Mwezi wa Desemba 2017 nilikuwa kwa shemeji yangu Kasongo, redio ikatangaza kwamba Banro, kampuni mama ya mgodi wa dhahabu wa Namoya kule Salamabila, katika wilaya ya Kabambare, imeomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Shemeji aliuliza mahakama ya Kindu au ya Kinshasa. Ilikuwa ya Toronto.

Mimi sikuwa na dai lolote pale. Nilikuwa msikilizaji tu. Lakini niliketi na kalamu nikachora. Dhahabu iko Salamabila. Kampuni ya mgodi ni ya Kongo. Juu yake kuna kampuni zilizoandikishwa Barbados, na juu kabisa ile ya Kanada. Sehemu ya dhahabu ambayo ilikuwa haijachimbwa bado ilikuwa imeshauzwa mapema kwa wawekezaji wa nje. Mpango wa madeni ulikamilika Mei 2018 huko Kanada, wenye hisa wa zamani wakatoka mikono mitupu. Septemba 2019 mgodi ulisimama kwa ukosefu wa usalama.

Shemeji aliutazama mchoro wangu akasema: “Sasa huyu kwao ni wapi?” Ndilo doa la kanuni ya nyumba ya muuzaji. Kwa mtu wa pikipiki nyumba haina utata. Kwa mwenye nyumba nne, moja ikiwa sanduku la barua kisiwani, atachagua ile inayomfaa, na mama muuza mihogo wa Salamabila hatajua aulize wapi. Tippu Tip naye alikuwa hivyo: kwao Kasongo kwa vita, kwao Unguja kwa hesabu. Ndiyo maana nasema nyumba ya muuzaji iwe ile inayoonekana na wanaomkopesha kila siku. Isiwe ile iliyoandikwa kwenye cheti tu.

*

Jumapili baada ya chai niliketi na mpwa wangu chini ya mwembe wa uani. Tuliandika barua ya mambo matatu kwa shirika la Dar es Salaam. Kwanza, kwa watu wengine wote, swali la nani mwenye deni lifuate sheria ya Kongo, kwao muuzaji. Pili, waliandikishe deni katika rejista ya biashara hapa. Tatu, mnunuzi wa Bujumbura ajulishwe wazi. La nne halikuwa la shirika, lilikuwa la mpwa wangu: awaambie wakamuaji wa Wamaza, sokoni, kwa mdomo, ni mzigo upi umeshauzwa deni lake. Wao hawatafika Kindu kusoma rejista.

Alikunja uso. “Yomba, wakijua watasema nimeishiwa.”

Nilisikia sauti ya mtu wa heshima wa Uvira. Nikamsimulia habari ya sanduku na nguo za Idi, yote, hata zile 300,000 ambazo mama yake hajawahi kuzisikia.

Shirika lilijibu Jumatatu. La rejista na la kumjulisha mdaiwa waliyakubali. Kuhusu sheria walisema Uingereza ibaki kati yao na mpwa wangu, ila wakaongeza mstari mmoja kwamba haki za watu wengine zitafuata makazi ya muuzaji. Kwangu ulitosha. Nikawaita majirani wawili waketi, nikamwambia mpwa wangu ampigie mtu wa Bujumbura na aweke sauti nje.

Alimweleza. Upande wa pili palikuwa kimya kidogo, tukasikia honi za magari ya mjini na mtu akipiga hesabu.

“Kwa hiyo tarehe ikifika nikilipa Dar es Salaam,” ile sauti ikauliza, “nimemaliza?”

“Umemaliza.”

“Basi niandikie.”

Mwandiko wangu siku hizi unatetemeka. Nilimpa yeye kalamu.